Shawa ya Umeme ya Kibrazili: Kabla Hujaigeuza Kwenye "Inverno"

Kwenye swichi ya shawa hii kuna maneno matatu ya Kireno: Desligado, Verão, Inverno. La kwanza maana yake imezimwa, la pili kiangazi, la tatu kipupwe. Mtu anainunua Kariakoo au River Road, fundi anakuja kuifunga, na tangu siku hiyo nyumba nzima inaamini kwamba Inverno ni maji ya moto na Verão ni maji ya uvuguvugu. Sivyo hasa, na malalamiko karibu yote yanayosikika kuhusu shawa hizi yanaanzia hapo: haichemshi vizuri, inaunguza, imeungua baada ya mwezi mmoja, inapiga shoti.

Tunayoipima hapa ni shawa ya umeme ya muundo wa Brazili: kichwa cha plastiki chenye koili ndani, wati 5,500, volti 220, kinachopokea maji baridi juu na kuyatoa yakiwa ya moto chini, bila tangi. Jina linalojulikana zaidi madukani kwetu ni Lorenzetti, kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923, lakini yatakayosemwa yanahusu pia shawa nyingine za muundo huohuo. Hukumu yetu tuitoe mapema ili msomaji asisubiri: kwa mtu wa nyanda za juu ambaye nyumba yake haina mabomba ya maji moto ukutani, hiki ni chombo kizuri sana, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hita ya tangi. Ila kinadai vitu vitatu bila msamaha, yaani waya mnene, ethi ya kweli (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na maji yasiyo na chumvi. Kimoja kikikosekana, endelea na ndoo na birika mpaka ukipate.

Ili kukielewa chombo hiki inabidi kuielewa baridi kilichotengenezewa. Brazili ina kilomita za mraba milioni 8.5. Ikweta inapita Macapá kaskazini, Tropiki ya Kaprikoni inapita São Paulo, na sehemu kubwa ya nchi iko kati ya mistari hiyo miwili. Kipupwe chao ni Juni hadi Septemba, karibu miezi ileile ya kwetu, lakini hakifanani kutoka jimbo hadi jimbo. Manaus Julai ni jua na nyuzi 30 na zaidi. Watu wa Amazoni ukiwatajia neno inverno wanaelewa mvua, zile za Desemba hadi Mei, kama sisi tunavyosema masika. Recife na Salvador Julai ni mvua za pwani, na maji ya bomba hayamshtui mtu. Brasília, iliyo kwenye uwanda wa juu wa mita zipatazo 1,170, hupitisha wiki nyingi bila tone la mvua: mchana jua kali, usiku baridi kavu inayopasua midomo. Curitiba, kusini zaidi, ni mawingu na manyunyu. São Joaquim kwenye milima ya Santa Catarina hupata sakitu kila kipupwe, na miaka mingine theluji. Mwishoni mwa Julai 2021 theluji iliangukia miji mingi ya Santa Catarina na Rio Grande do Sul kwa mkupuo mmoja. Na hata Acre, ndani kabisa ya Amazoni, huja upepo wa kusini unaoitwa friagem: jana watu walikuwa wanatoka jasho, leo wanatafuta masweta, na baada ya siku tatu nne joto limerudi.

Sasa fikiria mjenzi wa nyumba katika nchi ya namna hiyo. Baridi ipo, lakini ni ya wiki chache, na katika siku yenyewe ni ya asubuhi na usiku. Hakuna anayeweka mfumo wa kupasha joto vyumba. Sakafu ni vigae, madirisha yanapitisha upepo. Bomba la gesi halifiki mitaa mingi, ilhali umeme wa mabwawa upo tele. Wabrazili wakaamua kumpasha joto mtu mwenyewe, kwa dakika nane, akiwa bafuni, badala ya kupasha nyumba. Shawa za kwanza za aina hii zilitengenezwa huko miaka ya 1930, na leo ndizo njia ya kawaida ya kuogea maji moto kwa kaya nyingi za nchi hiyo. Swichi ya hatua tatu inafuata hali hiyo kwa ukamilifu: mwaka mmoja nyumba moja inahitaji zote tatu.

Ukiiangalia hivyo, utaona kwa nini inafaa Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, Arusha, Limuru, Nyahururu au Eldoret. Kipupwe chetu nacho ni kifupi, nyumba zetu nazo hazina vipasha joto, na mabomba yetu ni ya maji baridi peke yake.

Tuifungue. Ukitoa bamba la vitundu chini na kuzungusha mfuniko, utakuta chumba kidogo cha maji, hakizidi ujazo wa kikombe kikubwa. Juu yake kuna kiwambo cha mpira, mduara laini kama mfuniko wa kopo la maziwa. Maji yakiingia yanakisukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma vidole vya shaba, vidole vinagusana na umeme unapita kwenye koili. Ukifunga koki, msukumo unakwisha, vidole vinaachana, umeme unakatika. Ndiyo maana haina haja ya kuwashwa: koki ndiyo swichi. Koili yenyewe ni waya mwembamba uliosokotwa kama springi, uko wazi kabisa, na maji yanaupitia mwilini. Kwenye modeli nyingi Inverno hutumia kipande kifupi cha koili na Verão hutumia koili nzima. Inaonekana kinyume, lakini waya mfupi una ukinzani mdogo, kwa hiyo unapitisha umeme mwingi na kutoa joto zaidi.

Hapa ndipo penye jambo kuu. Swichi haichagui joto la maji. Inachagua nguvu. Joto la maji unalichagua mwenyewe kwa koki. Shawa ya wati 5,500 hutoa kiasi kilekile cha joto kila sekunde, maji yawe mengi au machache. Maji mengi yanagawana joto hilo na kutoka vuguvugu, na yakiwa machache yanatoka ya moto. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 79, gawa kwa idadi ya nyuzi unazotaka kuongeza, jibu ni lita kwa dakika. Kwa shawa ya wati 7,500 anza na 107 badala ya 79.

Mfano wa Nairobi Julai. Maji ya tangi asubuhi tuseme yana nyuzi 16, nawe unataka 38. Unaongeza 22, kwa hiyo 79 gawa kwa 22 ni lita 3.6 kwa dakika. Hiyo ni shawa ya wastani, inatosha kuosha nywele. Njombe, maji yakiwa nyuzi 10, unaongeza 28 na kupata lita 2.8 tu. Huo ni mtiririko mwembamba wa maji, na upande mmoja wa mgongo unabaki na baridi. Kule wati 5,500 hazitoshi, nunua 7,500, ambayo kwa baridi hiyohiyo inakupa lita 3.8. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji ya tangi yenyewe tayari yana nyuzi 25 au zaidi, na sioni sababu ya mtu wa pwani kutumia pesa kwa kitu hiki, isipokuwa nyumbani kuna mzee, mgonjwa au mtoto mchanga. Hapo Verão itamtosha mwaka mzima.

Namna ya kupima koki bila kifaa chochote: chukua jagi la lita moja, shawa ikiwa imezimwa kwenye breka, fungua koki na hesabu sekunde. Kwa mfano wa Nairobi jagi lijae kwa sekunde 17 hivi. Kwa Njombe na shawa ndogo, sekunde 21. Ukishapata, weka alama kwenye koki kwa rangi ya kucha au kalamu isiyofutika. Kila mtu wa nyumba atafungua mpaka kwenye alama, na ugomvi wa "nani kaharibu shawa" unakwisha.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Wati 5,500 zilizoandikwa ni kwa volti 220. Kenya umeme ni volti 240, na kwa volti hizo koili ileile hutoa wati 6,500 hivi. Tanzania kwa volti 230 ni kama 6,000. Hiyo ni faida kwa anayeoga na mzigo kwa waya. Upande wa pili, mitaa iliyo mbali na transfoma jioni hushuka hadi volti 190, na hapo shawa hutoa wati 4,100 tu, pungufu ya robo nzima. Mtu wa mtaa huo akilalamika kwamba shawa inachemsha saa tisa mchana na kugoma saa mbili usiku, shawa yake ni nzima. Aoge mapema, au apunguze maji.

Msukumo wa maji nao una mipaka. Kiwambo kinahitaji tangi liwe juu ya kichwa cha shawa kwa angalau mita moja hivi. Tangi lililowekwa juu ya dari moja kwa moja, sentimita 50 kutoka kwenye shawa, halitakisukuma: maji yatatiririka baridi na hutasikia ule mlio mdogo wa vidole kugusana. Ukiinua mnara wa tangi kwa mita moja tatizo linakwisha, na ni rahisi kuliko kununua pampu. Kwa upande mwingine, aliye ghorofa ya chini ya jengo refu, au mwenye pampu, hupata msukumo mkubwa mno na maji yanapita bila kupata joto. Ndani ya boksi kuna kipande kidogo cha plastiki cha mviringo chenye tundu katikati. Mafundi wengi hukitupa wakidhani ni cha kufungia mzigo. Ndicho kipunguza msukumo, kinaingia mdomoni mwa shawa panapounganishwa bomba. Kihifadhi.

Tuje kwenye ufungaji, maana hapa ndipo shawa nzuri inapogeuka hatari.

Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 25 hadi 27. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Kuichomeka kwenye soketi, hata "kwa muda tu", ni kuyeyusha soketi. Inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka: waya wa shaba wa milimita 6 (za mraba, kama zinavyoandikwa kwenye ganda), breka ya ampea 32, na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, iliyofungwa nje ya mlango wa bafu. Kwa wati 7,500 umeme unaovutwa Kenya unafika ampea 37. Weka breka ya 40 na waya wa milimita 10, hasa kama bafu liko mbali na mita. Fundi atakayekuambia waya wa 2.5 unatosha "kwa sababu unaoga dakika tano" anaujua waya wa soketi, hajaijua shawa. Dakika tano zinatosha kulainisha ganda la waya ndani ya ukuta, na huwezi kuliona.

Maungio ndiyo yanayoungua kwanza. Nyaya za shawa hutoka fupi, kama sentimita 20, na lazima ziunganishwe na za ukutani. Kuzisokota na kuzifunga kwa utepe mweusi ndiyo njia ya haraka na ndiyo inayonuka moshi baada ya miezi miwili. Utepe unayeyuka, muunganiko unalegea, unapolegea unapata moto zaidi, na unazidi kulegea. Tumia kiunganishi cha kauri chenye skrubu, kaza sana, rudi baada ya wiki mbili ukaze tena, kwa sababu shaba hutulia ikishapata joto na kupoa mara kadhaa. Kiunganishi hicho hugharimu pesa kidogo. Ukienda dukani kununua shawa, kinunue hapohapo.

Kisha ethi. Waya wa kijani unaoning'inia kwenye shawa si pambo. Koili iko wazi ndani ya maji, na maji yoyote yenye madini hupitisha umeme kidogo. Umeme huo mdogo unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiwapo waya wa kijani umefungwa kwenye ethi ya kweli, unapita hapo. Usipokuwapo, unapita kwa aliyesimama chini ya maji akigusa koki ya chuma. Ule mtekenyo wa vidoleni ambao watu huuzoea na kusema "ndivyo zilivyo" ni dalili ya ethi iliyokatika au ambayo haijawahi kuwapo. Brazili wenyewe walifika mahali wakatunga sheria mwaka 2006 ya kulazimisha majengo mapya yawe na ethi. Kwetu nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna waya, au fimbo ya ethi imepigwa kwenye udongo mkavu uliojaa kokoto. Mwambie fundi aipime kwa kifaa, akuonyeshe namba. Na asifunge waya wa kijani kwenye bomba la maji: mabomba ya siku hizi ni ya plastiki, hayafiki ardhini.

Jambo la tatu ni maji. Maelekezo ya shawa za koili wazi hutaja kipimo: ukinzani wa maji usiwe chini ya ohm-sentimita 1,300. Kwa lugha ya vipima maji vya dukani, ni takriban mikrosimensi 770, au kati ya 400 na 500 kwenye kile kipimo kidogo cha kuchovya kinachoonyesha chumvi kwa jumla. Maji ya mvua na ya mito ya milimani yako chini sana ya hapo. Maji ya visima vya kuchimba mara nyingi yako juu. Dalili unazijua: sabuni haitoi povu, sufuria zina ukoko mweupe, chai ina ladha ya magadi. Katika maji hayo koili wazi itavujisha umeme mwingi kiasi kwamba breka ya usalama, ile yenye kitufe cha kujaribia, itakuwa inakata kila mara mtu akifungua koki. Na fundi mvivu ataiondoa breka hiyo. Usikubali. Breka inasema kweli, maji ndiyo yasiyofaa. Zipo shawa za muundo huohuo zenye koili iliyofunikwa kwa bomba la chuma, madukani huziita za maji ya chumvi. Ni ghali zaidi, na kwa mtu wa kisima ndizo pekee tunazozipendekeza.

Siku ya kwanza fuata mpangilio huu. Breka ikiwa imezimwa, fungua koki na uache maji yatoke kwa dakika nzima mpaka hewa yote iishe na mtiririko uwe sawa. Funga koki. Weka swichi ya shawa kwenye Inverno. Washa breka, ingia, fungua koki. Ukiruka hatua ya kwanza, chumba kitakuwa na hewa, koili itawaka bila maji na itakatika ndani ya sekunde chache, na hiyo haihesabiki kwenye dhamana ya mtu yeyote. Rudia hatua hiyohiyo kila maji ya mtaa yakikatika na kurudi, maana bomba linakuwa limejaa hewa. Tunaamini koili nyingi za kwetu hufa namna hii, kuliko kwa uchakavu.

Kosa la pili kwa wingi ni kubadilisha Inverno kwenda Verão ukiwa unaoga. Vidole vya shaba vikiachana huku ampea 25 zinapita hutoa cheche, kila cheche hula kipande kidogo cha shaba, na baada ya muda swichi inabaki imeganda upande mmoja. Funga koki, geuza, fungua. Ni sekunde tatu. Na usiweke koki yoyote baada ya shawa, yaani upande maji yanapotokea. Chumba hakikutengenezwa kushikilia msukumo wa maji yanayochemka.

Matunzo mengine ni mepesi. Kila miezi miwili toa bamba la vitundu, lisugue kwa mswaki wa zamani, na kama lina ukoko liloweke kwenye siki usiku kucha. Vitundu vikiziba maji yanapungua, yanazidi joto, na koili inaumia. Koili ikikatika usitupe shawa. Koili huuzwa peke yake, hubadilishwa kwa dakika kumi bila vifaa zaidi ya bisibisi, mradi namba ya modeli, volti na wati vilingane. Zima breka kwanza, si swichi ya shawa.

Gharama ya umeme tuihesabu bila kuficha. Dakika nane kwa wati 5,500 ni uniti 0.73. Watu wanne kila siku ni karibu uniti 3, kwa mwezi ni 88. Kwa mteja wa TANESCO aliye kundi la D1, la watumiaji wadogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake inamtoa kwenye kundi hilo na kumpeleka kwenye bei ya juu kwa kila kitu, hata taa. Hili ni muhimu kuliko bei ya shawa yenyewe, na hakuna muuzaji anayelitaja. Kulinganisha: ndoo ya lita 15 iliyopashwa kutoka nyuzi 18 hadi 40 inakula uniti 0.38, nusu tu. Ukioga kwa dakika nne badala ya nane unalingana na ndoo. Na kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja ya LUKU ya wapangaji wengi, usiifunge kabla hamjakubaliana nani analipa nini. Pia usiifikirie kabisa kwa umeme wa sola wa nyumbani. Inveta ya kawaida haibebi wati 5,500.

Na hita ya sola ya juu ya paa je? Inategemea kipupwe chako ni cha namna gani. Njombe na Mbeya kipupwe ni kikavu, anga jeupe, mchana jua kama la Brasília. Huko sola inachemsha vizuri, ila maeneo ya sakitu kama Kitulo uhakikishe ni ya aina isiyopasuka maji yakiganda. Nairobi na Limuru kipupwe ni mawingu wiki nzima kama Curitiba, na sola inakuwa dhaifu kwenye miezi ileile unayoihitaji. Kwa Limuru shawa ya umeme inashinda. Kwa Njombe, mwenye uwezo aweke sola, na shawa ya umeme ibaki ya akiba.

Onyo la mwisho ni kwa wanaoletewa mizigo na ndugu kutoka Brazili. Huko volti si moja. São Paulo na Rio de Janeiro nyumba nyingi zina volti 127, Brasília, Recife na Florianópolis zina 220, na shawa huuzwa za aina mbili zikiwa zimefanana kwa rangi, umbo na boksi. Ukiifunga ya 127 kwenye umeme wa Tanzania, koili ya wati 5,500 inavuta kwa kiwango cha wati 18,000 na kukatika kabla hujasogea. Kabla hujalipa, geuza boksi, tafuta namba iliyo kabla ya herufi V, halafu fungua na uangalie kibandiko cha shawa yenyewe kama kinasema hivyohivyo.